Vinyago Vyangu Vyote Vimeajiriwa

Kinyago changu cha kwanza kinatwanga sombe. Sisemi kwa mafumbo. Kila jioni mama watoto hukishika kiunoni, hukigeuza kichwa chini miguu juu, na kukishusha kinuni juu ya majani ya muhogo, kwa kichwa kile kile nilichokihangaikia wiki tatu. Cha pili kinazuia mlango wa banda la kuku. Cha tatu, mwanamke mrefu mwembamba niliyetaka asimame sebuleni akitazama jua likizama, ni mpini wa jembe. Hapa Kasulu kuna vijana wenye shahada wanaosubiri ajira mwaka wa nne sasa, lakini mimi sijachonga kitu kikamaliza mwezi bila kupata kazi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na haya niliyaanza nikiwa na akili timamu. Kosa lilitokea Dar es Salaam, Mwenge, kwenye vibanda vya vinyago. Nilikuwa nimekwenda kusahihisha mitihani ya taifa, posho ikiwa mfukoni, nikaingia kutafuta zawadi ya kupeleka nyumbani. Fundi mmoja alikuwa ameketi chini, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo zake mbili, tezo inapanda na kushuka karibu na vidole vya miguu huku yeye anabishana na mwenzake habari za mpira. Pembeni yake kulikuwa na mnara wa watu: mmoja amebebwa na mwingine, huyo naye amebebwa, mpaka kwa babu wa chini kabisa mwenye ukoo mzima mgongoni. Ndio mtindo alioanzisha Roberto Yakobo Sangwani miaka ya 1950. Wamakonde wenyewe waliuita dimoongo kabla siasa haijaupa jina la ujamaa.

Nikauliza bei. Fundi akaitaja.

“Kwa gogo hili?”

Hakukasirika. Alinyoosha tezo kuelekea rundo lililoegemezwa ukutani. “Magogo yapo pale, mzee. Bei yake ni nafuu.”

Nikapanda basi la kurudi bila zawadi. Safari ya Dar es Salaam mpaka Kasulu ni ndefu kiasi cha mtu kuweza kujishawishi jambo lolote. Tulipofika Morogoro nilikuwa nasema ile bei ni wizi. Dodoma nikawa nasema wale nao wana mikono miwili kama mimi. Singida nikamkumbuka Mutisya Munge, yule Mkamba wa Wamunyu ambaye husimuliwa kwamba alijifunza uchongaji kwa Wazaramo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akarudi kwao na ufundi ambao Wakamba wanaulia mpaka leo. Mtu alijifunza vitani, mimi nishindwe kujifunza likizoni? Basi lilipoiacha Nyakanazi na kuanza kulitimua vumbi jekundu la kwetu, tayari nilikuwa msanii. Kilichobaki ilikuwa ni kuchonga tu.

Sasa mti. Mpingo sikuwa nao, na hata ningekuwa nao ningeogopa: ni mti mzito hata ukiutupa majini unazama, na unafanya patasi ilie kama inapiga chuma. Mninga upo kwenye misitu yetu ya miombo, lakini mninga una wenyewe. Uuguse bila kibali uone utakavyochongwa wewe. Bahati nzuri jirani yangu alikuwa amekata mparachichi wake uliokuwa ukigonga bati kila upepo ukivuma. Akanipa gogo la urefu wa mkono. “La kuni?” akauliza. Nikamwambia ni la sanaa. Akalitazama gogo, akanitazama mimi, akaniongezea lingine. “Hili basi ndilo la kuni.”

Zana zangu zilikuwa panga, shoka, patasi ya kuazima kwa seremala wa sokoni, bisbisi kuukuu niliyoinoa kwenye jiwe mpaka ikapata makali, na kisu cha jikoni. Kuhusu kisu cha jikoni sitasema mengi. Suala lile lilisikilizwa nyumbani, hukumu ikatolewa, na adhabu nimeitumikia.

Miaka ishirini na miwili nimeandika ubaoni. Nikikosea hesabu nafuta kwa dasta, wanafunzi wanacheka, tunaendelea. Ubao huu mwingine hauna dasta. Mti unajua kutoa tu, kujumlisha haujui. Ukitaka pua itokeze, inabidi uondoe uso mzima unaoizunguka, pua uiache pale pale ilipo tangu mwanzo. Hilo nimelifahamu sasa. Siku ile mimi nilianza na pua. Nikaichonga vizuri, ya kuvutia, halafu nikagundua kwamba mashavu yako mbele yake. Nikayarudisha mashavu nyuma, macho yakabaki yametokeza kama ya chura. Nikayarudisha macho, paji la uso likawa kama baraza. Nilivyoendelea kusawazisha, uso ulizidi kurudi nyuma, mpaka jioni moja nikapima kwa rula na kuona nimebakiza sentimita nne kufika kisogoni. Hapo ndipo patasi ilipoifuata nyuzi za mti badala ya kunifuata mimi, na pua ikaondoka na nusu ya shavu.

Nikajitetea. Nilisema huu ni mtindo wa shetani, ule uliompatia jina Samaki Likankoa mwishoni mwa miaka ya 1950, wenye viumbe wa jicho moja na viungo vilivyopinda, ambao Wazungu waliugombania. Binti yangu wa kidato cha pili alikizunguka kinyago, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

“Baba,” akasema kwa upole, “shetani wa Kimakonde ana sura mbaya kwa makusudi.”

Wiki hiyo hiyo mchi wa nyumbani ulipasuka. Mama watoto hakuomba ruhusa. Nilirudi kutoka kazini nikasikia mdundo jikoni, nikachungulia, nikamwona msanii mwenzangu anainuka na kushuka, kichwa kimekuwa cha kijani. Sombe ya siku ile, kwa mawese na migebuka, ilikuwa tamu. Nililazimika kukubali hivyo mbele ya watoto.

Nadhani hapa ndipo penye tofauti yetu na Mwenge. Sisi Waha tunajua miti. Tuna vinu, mizinga, ngoma, mipini, mitumbwi ya kukamulia ndizi za pombe. Mtu wa kwetu akiona mti umechongwa, haulizi ni nani huyu wala una maana gani. Anauliza unafanya nini. Ukimjibu kwamba haufanyi kitu, umesimama tu, anakuonea huruma, halafu anautafutia kazi.

Kinyago cha pili kilinipeleka zahanati. Nilikuwa nimeamua kubana gogo kwa nyayo kama yule fundi wa Mwenge. Ninavyosema hivi msidhani ni jambo dogo. Mtu wa miaka hamsini aliyezoea kiti, akikaa chini na kukunja miguu na kushika gogo kwa nyayo, ndani ya dakika kumi ganzi inapanda mpaka kiunoni, na katika dakika ya kumi na moja misuli ya paja inajivuta. Nilirusha mguu. Gogo likaenda na mguu. Patasi ikabaki inatafuta gogo, ikakutana na kidole gumba cha kushoto.

Muuguzi alikuwa na daftari kubwa na hakuwa na haraka.

“Umekatwa na nini?”

“Patasi.”

“Ulikuwa unafanya kazi gani?”

“Sikuwa kazini. Nilikuwa napumzika.”

Akaninyanyulia macho. Damu ilikuwa inadondoka kwenye sakafu yake safi. Akainama tena, akaandika taratibu, akilitamka kila neno: “Amejeruhiwa... wakati... wa... mapumziko.” Nilishonwa nyuzi nne. Seremala wa sokoni alipoona bandeji hakuuliza kidole kinaendeleaje, aliuliza patasi yake iko wapi. Akaipitisha kwenye ukucha wake kuipima, akatikisa kichwa. “Mwalimu, hii ulikuwa hujainoa. Patasi kali inakata mti. Patasi butu inateleza, na ikiteleza inatafuta nyama.” Miezi miwili niliyokaa nayo, ndiyo kwanza nasikia kwamba patasi inanolewa kabla ya kazi na katikati ya kazi, na kwamba mkono usioishika hukaa nyuma ya makali, haukai mbele kuyapokea.

Lakini kidole kilipona. Aibu ya usiku ule mwingine bado.

Kasulu, Juni na Julai, asubuhi kuna baridi ya kuvaa koti, na kitu kibichi hakikauki upesi. Kinyago cha pili nilikuwa nimekimaliza, na safari hii kilikuwa na sura ya mtu, ingawa pua niliamua kuiacha kabisa isije ikaniletea maneno. Nilitaka kukipaka dawa ya viatu nyeusi, ile kiwi, kama wanavyofanya wajanja wanaowauzia watalii mti mweupe kwa jina la mpingo. Ila mti ulikuwa na maji bado, dawa haishiki. Nikaona njia ya mkato: nikakiweka jikoni karibu na mafiga jioni, makaa yakiwa bado mekundu, kikauke usiku mmoja.

Wachongaji wanajua kwamba mti mbichi hutoa maji upesi zaidi kwenye ncha zake kuliko mwilini. Nje panasinyaa, ndani bado pamevimba, na kitu lazima kiachie. Ndiyo maana wenye akili hupaka nta au mafuta kwenye ncha, wakafukia kazi kwenye maranda au kuifunika kwa nguo, ikakauka polepole kwa majuma. Mimi nilikiweka kwenye moto nikalala.

Saa nane usiku: PAA!

Kama hujawahi kusikia gogo likipasuka ndani ya nyumba yenye bati, nakwambia ni bunduki. Mama watoto alikuwa chini ya kitanda kabla sijafumbua macho. Mbwa wa mtaa mzima wakaanza. Jirani wa mparachichi akapiga yowe, na yowe kwetu likipigwa haliulizwi, linaitikiwa. Ndani ya dakika chache uwanja wangu ulikuwa na tochi kumi na mapanga saba na mzee mmoja aliyekuja na mwavuli. Nikatoka nikiwa nimejifunga shuka. Sauti inatoka wapi? Jikoni. Nani yumo? Hakuna mtu. Vijana wawili wakasukuma mlango kwa ncha ya panga, tochi zikaingia, na zikamkuta amesimama kando ya mafiga, hana pua, amepasuka kutoka paji la uso mpaka kitovuni, anatutazama. Kijana wa mbele alirudi nyuma akamkanyaga wa pili, na wa pili akamkanyaga mzee wa mwavuli.

Wahenga wanasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Wahenga hawajawahi kukutana nacho saa nane za usiku kikiwa kimejifungua kifua. Nilitishika mimi wa kwanza.

Mwenyekiti wa mtaa alifika wa mwisho, kama ilivyo ada, akiwa amevaa koti juu ya kanga ya mkewe. Nikaeleza: ni kinyago, ni maji ndani ya mti, ni ncha kukauka kabla ya kati. Nilieleza vizuri, hata ubaoni nisingeeleza hivyo. Mwenyekiti alikimulika tochi juu mpaka chini, akakohoa.

“Mwalimu, umefanya vizuri kutokuweka pua,” akasema. “Ungeweka pua, huyu angekuwa mimi.”

Watu wakaenda kulala wakicheka. Kesho yake upepo ulikuwa unafungua banda la kuku. Ufa ule wa kifuani ulikuwa na upana ule ule wa kitasa cha mlango. Sikumweka mimi pale. Nilimkuta.

Cha tatu nimeshakitaja. Alikuwa mwanamke mwembamba, nikamnyoosha mno, na mpini wa jembe la shambani ukavunjika msimu wa kupanda maharage ulipoanza. Tuendelee.

Likizo ya Desemba mpwa wangu anayesoma chuo Dodoma akanitumia video kwenye simu. “Mjomba,” akaandika, “ona hawa wanavyochonga tiki nyumbani kwao.” Nikamjibu kwa kirefu kwamba sisi huku mitiki hatuna ya kutosha, mitiki ni ya Kilombero, na Longuza kule Muheza, tena ni mbao ya bei, siwezi kuifanyia majaribio. Akaniletea vikaragosi sita vya kucheka. “Mjomba, tiki si mbao. Tiki ni huyo mtu mwenyewe.”

Nikaitazama tena. Mzungu mwenye kaptura, uani kwake, anachonga gogo la mnazi kwa msumeno wa moto. Linatoka jitu la macho ya mviringo, mdomo mpana kama mlango, meno yote nje, miguu mifupi. Mpwa akanieleza, nami nikajisomea zaidi. Asili yake ni visiwa vya Pasifiki. Kwa Wamaori wa New Zealand, Tiki ni mtu wa kwanza kuumbwa katika masimulizi yao. Huko Marquesas na visiwa vingine sura za namna hiyo zilichongwa kwa mti na kwa jiwe zikaheshimiwa kama wazee. Halafu miaka ya 1930 Wamarekani wa California wakaanza kufungua baa zenye mapambo ya visiwa, ile ya Don the Beachcomber kule Hollywood ikiwa miongoni mwa za mwanzo, na mzee wa watu akajikuta amesimama kaunta, baadaye hata akawa kikombe cha kunywea pombe. Niliposoma hapo nilihema kwa faraja. Kumbe hata huko wamemtafutia kazi. Mchi una heshima zaidi.

Tena nikaona jambo moja lenye manufaa kwangu: sura ya tiki imekaa bapa, pua yake ni pana na imelala. Hiyo ni pua ambayo hata mimi naiweza.

Mnazi Kasulu hakuna, ila mchikichi ni ndugu yake, na Kigoma ni mkoa wa michikichi. Ndugu yetu wa huko chini ziwani akanipatia kipande cha mchikichi mzee ulioanguka wenyewe. Nasisitiza: wenyewe. Tangu Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipokuja mwaka 2018 na kuagiza zao hilo lifufuliwe, mtu anayeonekana na shoka karibu na mchikichi ana maswali ya kujibu. Nikapiga patasi mara ya kwanza. Kumbe mchikichi hauna mbao, una nywele. Ni kama kuchonga ufagio: unapiga hapa, zinasimama pale. Nilipochoka ulikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa ghafla. Mama watoto alizing'oa zile nyuzi moja moja akasugulia sufuria, na anasema ni bora kuliko steelwire ya dukani.

Ndipo nikaenda Kibondo kwa baba mkubwa.

Baba mkubwa ana miaka themanini na kitu, anakaa upande wa Busunzu, na maisha yake yote amefuga nyuki. Shambani kwake mwembe mkubwa ulikuwa umeng'olewa na upepo. Shina lake lilikuwa na uwazi katikati, limeliwa na mchwa toka zamani. Nilipomwomba kipande, alikata mwenyewe, kirefu kama mtoto wa darasa la tatu, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. “Unataka kufanyia nini?” Nikasema nataka kuchonga mtu. “Mtu,” akarudia. Akanisaidia kukipakia.

Gogo lile nililifanyia kazi miezi mitano. Nilinoa patasi kila nilipokaa. Nilipaka ncha zote mbili nta. Jioni nililifunika blanketi la zamani lisikauke haraka. Nilianza na kila kitu isipokuwa pua. Mdomo niliuchimba mpaka ukatokeza kwenye ule uwazi wa ndani, ukawa shimo la kweli, kiasi kwamba ukisemea kisogoni sauti inatokea mbele. Alikuwa tiki, lakini mashavu yalikuwa ya Kiha, na nilipommaliza nilikaa naye uani bila kusema kitu. Mama watoto alipita na beseni, akasimama, akamtazama kwa muda. Nikaona macho yake yanapima. “Huyu hapana,” nikamwambia. “Huyu nampeleka Kibondo akaonwe.”

Nikamviringisha kwenye blanketi, nikamfunga kamba sehemu tatu, tukapanda kosta. Konda akataka nimweke juu ya keria. Nikakataa, jua litampasua. Basi akakaa na mimi kiti cha dirishani, na konda baada ya kufikiri akamtoza nauli ya mwanafunzi.

Sikuwa nimejiona kwa macho ya abiria wengine. Mwanamume mzima, kimya, amekumbatia kitu cha urefu wa mtoto kilichoviringishwa blanketi na kufungwa kamba kichwani, kiunoni na miguuni. Hadi tunafika Makere, mama wa kiti cha mbele alikuwa amehama. Baada ya Makere, redio ilizimwa. Mtu mmoja nyuma akaanza kuimba pambio la mazishi kwa sauti ya chini, na mimi, mjinga, nikadhani ni mwanakwaya anafanya mazoezi. Kijana wa pembeni yangu akajikaza akanigusa bega: “Pole sana, mzee.” Nikamjibu, “Asante, kijana. Ilikuwa kazi ngumu, miezi mitano, lakini imekwisha.” Akashuka kituo kilichofuata. Sidhani kama ndicho alichokuwa anashukia.

Kwenye kizuizi afande akaingia. Sisi Waha tumezoea vizuizi. Kiha na Kirundi vinaelewana mno, ukisalimia tu barabarani unaombwa uthibitishe ulikozaliwa. Abiria wakaanza kutoa vitambulisho hata kabla ya kuombwa. Afande akafika kwetu.

“Huyu?”

“Si mtu, afande. Ni kinyago.”

“Kinyago gani kinavikwa blanketi?”

“Namkinga na jua. Akikauka haraka anapasuka.”

Kosta lote likakata pumzi. Afande akaniambia kwa sauti ya upole mno, sauti anayoambiwa mtu ambaye huenda akabadilika wakati wowote, kwamba nifungue taratibu. Nikafungua kamba ya juu. Blanketi likaanguka, na jitu la macho ya mviringo na meno yote nje likamkodolea. Afande alikanyaga ndoo ya dagaa ya mtu.

Tukashushwa, mimi na yeye. Akaja afande wa pili, akaja na mtu wa mazao ya misitu aliyekuwa kivulini. Mjadala ulikuwa mzito na, nikiri, wa haki. Kama ni mtu, anatakiwa kitambulisho. Kama ni mbao, anatakiwa kibali. Kama ni biashara, iko wapi risiti? Nikasema ni hobi. “Hobi ndiyo nini?” Nikaeleza: kazi ambayo mtu anaifanya bila kulipwa, kwa kupenda, akiwa amechoka na kazi anayolipwa. Nilivyokuwa nikieleza nilisikia mwenyewe kwamba hainisaidii. Afande wa kwanza akauliza swali ambalo nyumbani nilikuwa nimelikimbia kwa mwaka mzima: “Sasa kinafanya nini?”

Sikuwa na jibu. Dereva akapiga honi. Ndipo bibi mmoja mwenye kikapu akatoa kichwa dirishani.

“Wajukuu zangu, mnatuchelewesha kwa ajili ya mzinga?”

Wakageuka.

“Mzinga, bibi?”

“Hamuoni uwazi? Hamuoni tundu la nyuki? Kaupamba tu kidogo, basi.”

Mtu wa misitu akachungulia mdomoni, akagonga kwa kidole, akasikiliza. Uso ukamlegea. “Aah, ni mzinga,” akawaambia wenzake. “Wa mwembe.” Afande wa kwanza alimbeba mwenyewe mpaka kwenye kiti, akaniuliza huko kwetu debe la asali linauzwaje. Mama aliyehama akarudi kiti chake. Redio ikawashwa. Kwa mwendo wote uliobaki watu walinieleza namna ya kuweka nyuki, na mimi nilijifanya nasikiliza kwa sababu nilikuwa nimekasirika.

Tulifika jioni. Asubuhi baba mkubwa alitoka na kikombe chake cha chai, akamkuta amesimama chini ya mti wa uani. Akamsalimia kwanza. “Mwakeye!” Akasubiri jibu, maana ni mtu wa adabu. Akamzunguka. Akapitisha kiganja kwenye mashavu, kwenye meno, kwenye pua. Aliishika ile pua kwa muda mrefu, na mimi nikabana pumzi. Kisha akaingiza mkono mdomoni mpaka kwenye kiwiko, akapapasa ndani.

“Umechimba vizuri,” akasema.

Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupata katika sanaa, na nilijua inakwenda wapi. Mchana ule ule alimkata utosi kwa msumeno, akamwekea kifuniko, akapaka nta ndani ili nyuki wavutiwe na harufu, akaziba miguuni, na wajukuu wakampandisha juu ya mti mkubwa wa mtundu ulio njiani kwenda kisimani. Wakamlaza kifudifudi. Mtu akipita chini anatazamwa.

Mwezi wa nne simu ikaita, nikiwa darasani. Nilitoka nje kuipokea. Baba mkubwa hapigi ovyo.

“Mwanangu, yule mtu wako ameanza kuongea.”

Nilikwenda Jumamosi. Nikasimama chini ya mtundu, nikainua macho. Meno yangu yote thelathini niliyoyachonga kwa bisbisi yalikuwa yametandwa na nyuki, wanaingia na kutoka mdomoni, na kifuani mwake kulikuwa na ngurumo nzito ya watu wengi wasio na muda wa kupoteza. Baba mkubwa alikuwa kando yangu, anatabasamu. Akaniambia majirani wawili wameshakuja kuuliza, na mmoja ametoka mbali, Mabamba.

“Wanataka mitatu kama huu,” akasema. “Ila pua wamesema usijisumbue.”